Nati Tatu za Jumamosi

Mlango wa bati ulipigwa teke ukabamiza ukuta, na unga uliolala juu ya boriti miaka nenda miaka rudi ukawashukia watu vichwani. Wanawake wa foleni wakageuka wote, kila mmoja kaikumbatia ndoo yake ya nafaka. Aliyesimama mlangoni alikuwa Msusi. Walimjua, nusu ya vichwa vilivyokuwa mle ndani vilikuwa kazi ya mikono yake. Lakini leo mikono ile haikushika chanuo. Ilikunja ngumi, na kifua chake kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyefukuzwa na mbwa.

"Zima mashine!"

Fundi hakusikia. Alikuwa amewapa mgongo, anasukuma nafaka kwenye mdomo wa kinu, na mashine ilinguruma kama inatafuna mifupa. Msusi akapita katikati ya ndoo akichechemea, maana goti lake la kulia lilikuwa na ugomvi naye wa siku nyingi. Akafika ukutani, akaivuta swichi kubwa chini kwa mikono miwili. Mashine ikakoroma, ikakohoa, ikakata roho.

Fundi akageuka. Nyusi nyeupe kwa unga, kope nyeupe, masharubu meupe. Macho tu ndiyo yaliyobaki na rangi yake. Alipomwona aliyezima, akatoa tabasamu lile ambalo mwaka mzima lilikuwa likimsahaulisha Msusi alichokuja kusema.

"Malkia wangu! Mbona leo? Jumamosi ni keshokutwa."

"Sikuja kupendwa. Nimekuja kupimwa."

Tabasamu likabaki mahali pake, lakini macho yakaondoka. Yakakimbilia ukutani, nyuma ya mizani, yakarudi mbio. Msusi akaona yalikokwenda.

Kilichomleta kilianzia sebuleni kwa Mama Mashine, asubuhi hiyohiyo.

Mama Mashine ndiye mama mzazi wa Fundi, na mashine ni yake. Alikuwa mjane aliyeirithi kwa mumewe, akamkabidhi mwanawe kazi bila kumkabidhi funguo. Siku alipoambiwa kwamba mwanawe amempenda Msusi, alitamka mbele ya mashangazi wote: "Msichana sina neno naye. Ana adabu, ana kazi yake. Lakini goti lile na mzigo ule havifiki popote. Nimwoze mwanangu mke au mgonjwa? Siku akishuka chini ya kilo tisini, nitakwenda kwao kuposa kwa miguu yangu. Kabla ya hapo nisitajiwe."

Msusi alikuwa na mia na mbili. Daktari naye alishamwambia hivyohivyo, kwa upole zaidi: goti linalosimama kutwa nyuma ya viti vya watu linaomba lipunguziwe. Basi akaanza. Akaacha soda. Akaacha kutafuna huku anasuka. Akaacha kupanda gari kwenda kazini, akawa anatembea, jasho likimtiririka mgongoni na watoto wa mtaani wakimwimbia, "Tingatinga lapita! Tingatinga lapita!" Na kila Jumamosi jioni, wateja wakishakwisha, alipanda mizani ya magunia pale kwenye mashine. Aliipenda kwa sababu mizani ya magunia haimwonei mtu aibu. Aliipenda zaidi kwa sababu aliyeisoma alikuwa Fundi, ambaye kabla ya kusoma lazima amfute unga uliomgusa shavuni, na lazima achelewe kuuondoa mkono.

Kilo zikashuka. Mwanzo kwa kusuasua, baadaye kwa mbio. Jumamosi iliyopita Fundi alisoma themanini na nane, wakakumbatiana mpaka jukwaa la mizani likalia.

Ndiyo maana asubuhi hiyo Msusi alivaa gauni lake la kijani, akaenda kwa mama mkwe mtarajiwa bila kualikwa. Akaketi, akaamkia, akasema, "Mama, nimefika."

Mama Mashine akamtazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akarudi juu bila haraka. "Umefika wapi, mwanangu?"

"Themanini na nane."

"Za nani?"

Dada mdogo wa Fundi, wifi mtarajiwa, akachekea ndani ya kikombe. Akaingia chumbani, akatoka na mizani ndogo ya bafuni, akaisukuma sakafuni kwa kidole cha mguu kama anayemsogezea paka sahani. "Panda basi, wifi. Tukupigie vigelegele."

Msusi akapanda. Sindano ikaruka, ikatetemeka, ikatulia. Tisini na nane.

"Mbovu hii," Msusi alisema.

Wifi akapanda yeye. "Hamsini na sita. Zahanati nako walisema hivyohivyo juzi." Akashuka taratibu. "Labda inakuchukia wewe tu."

Mama Mashine alikuwa bado hajacheka, na hilo ndilo lililomtia Msusi baridi. "Mizani yangu ya mashine," alisema, "wakaguzi wameipiga muhuri juzijuzi. Haikosei punje. Marehemu mume wangu alikuwa akiiapia. Kama inasoma themanini na nane ukipanda wewe, basi kuna mkono unaisaidia. Na mkono wenyewe nimeuzaa mimi."

Hapo ndipo akacheka. Alicheka kwa tumbo, kwa mabega, kwa machozi, akimpiga binti yake paja. "Wengine haba na haba hujaza kibaba! Huyu cha kwake kimepunguzwa kwa maneno! Nenda, mwanangu. Nenda kamuulize mwongo wako."

Kicheko hicho kilimsindikiza Msusi njia nzima, kikimchoma mgongoni kama mkuki, na sasa ndicho kilichompandisha juu ya jukwaa la mizani ya magunia, mbele ya foleni, mchana kweupe. Chuma kikalia chini ya viatu vyake.

"Pima."

"Mpenzi, watu wamejaa. Ngoja jioni."

"Kwa nini jioni? Mizani yako inaogopa jua?"

"Mpime basi, kaka," mwanamke mmoja wa foleni alisema. "Nasi tumeacha vyungu motoni."

"Shoga, nyamaza," mwenzake akamkanya. "Hapa kuna kitu kinanuka, na si nafaka yako."

Fundi akatundika mawe kwenye kulabu. Akakisogeza kile chuma cha kuteleza, kidogo, kidogo tena. Mkono wa mizani ukainuka, ukayumba, ukakaa sawa.

"Soma."

Fundi akaupangusa unga kwenye mkono wa mizani.

"Soma, Fundi! Jumamosi husoma kama mtangazaji wa mpira. Leo umemeza nini?"

"Tisini na nane."

Msusi akashuka. Akaenda moja kwa moja ukutani, pale macho ya Fundi yalipokimbilia. Palikuwa na msumari, na kwenye msumari kitanzi cha waya, na kwenye waya nati tatu nene za chuma. Kila kitu ndani ya jengo lile kilivaa unga. Nati zile zilikuwa safi, zinang'aa kwa kushikwashikwa.

Akazitundika kwenye kulabu, juu ya mawe. Mizani ya magunia ndivyo ilivyoundwa: chuma kidogo cha kulabuni hubeba mzigo mkubwa wa jukwaani. Akapanda tena, akanyoosha mkono, akakisogeza mwenyewe kile chuma cha kuteleza mpaka mizani ikatulia. Themanini na nane.

"Mama yangu weee," foleni ikaguna.

"Huyu nati zimemlegea kichwani, akaja kuzitundika hapa," sauti ikasema nyuma, na mtu akacheka, kisha akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza.

"Ya kwanza uliitundika lini?" Msusi aliuliza. Hakupaza sauti, na Fundi angefurahi kama angepaza.

"Twende nje tuzungumze."

"Ya kwanza, lini?"

Fundi akapangusa uso, unga ukachanganyika na jasho ukawa uji. "Ile wiki uliyokalia gunia pale. Ilikuwa wiki ya tatu haijashuka hata robo. Ulilia. Ukasema unaacha. Ukasema, kamwambie mama yako ameshinda. Nilirudi nyumbani sikupata usingizi. Jumamosi iliyofuata nikatundika moja. Uliposhuka ulicheka, ukanibusu mlango ukiwa wazi. Nikasema moyoni, hata kama ni dhambi, naibeba."

"Ya pili?"

"Ilikwama tena."

"Na ya tatu?"

Fundi akainamisha kichwa. "Ya tatu... nilishazoea kicheko chako."

Kwa kitambo kidogo Msusi alimtazama mtu huyu anayempenda, mabega yale, shingo ile iliyoinama, na moyo wake ukafanya usaliti: ukamwonea huruma. Ndipo hasira ikampanda upya, kali kuliko ya kwanza. Akazinyakua nati kwenye kulabu kwa nguvu, mawe ya mizani yakaanguka, moja likavunja kona ya saruji, jingine likapasua ndoo ya mtu, nafaka ikamwagika kama mvua ya mawe.

"Nguo hazikulegea, nikalaumu sabuni!" alipiga kelele. "Goti halikupoa, nikalaumu viatu! Nilijitazama kwenye kioo cha saluni nikajiambia, wewe mwanamke una kichaa, mizani inasema umepungua na macho yako yanabisha! Nikaanza kuyachukia macho yangu, Fundi! Macho yangu yaliyokuwa yakisema kweli!"

"Nilikuwa nakupa moyo!"

"Moyo ninao! Nani alikwambia sina? Siku ile ningelia tena. Ningelala na njaa yangu na machozi yangu. Kesho yake labda ningeamka nikatembea tena. Labda! Sijui! Hukuniacha nijue. Uliamua wewe kwamba mimi ni wa kuvunjika."

"Niliogopa ungeacha, nikukose."

"Umenipeleka kwa mama yako na gauni la kijani! Nimesimama mbele yake nikijisifu! Mdogo wako amenicheka ndani ya kikombe!"

"Sikujua utakwenda. Naapa sikujua."

"Njia ya mwongo ni fupi, Fundi. Ulidhani tungetembea juu yake mpaka lini?"

Akageuka aende akazitupe nati zile mtaroni. Fundi akamdaka kifundo cha mkono.

"Nisikilize kwanza."

"Niachie."

"Nisikilize, nakuomba..."

"Niachie nimesema!"

Akajivuta kwa mwili wake wote, mwili ule uliokuwa ukihukumiwa tangu asubuhi. Mkono ukachomoka. Waya ukazunguka hewani na nati zake tatu, zikampiga Fundi juu ya jicho. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama wa kugonga mlango. Fundi akarudi nyuma hatua moja, akaegemea kinu. Kisha damu ikaja, nyekundu juu ya uso mweupe, ikashuka kwenye nyusi, kwenye kope, ikadondokea sakafu ya unga na kufanya vidonge.

Wanawake wakapiga yowe. Na ndani ya yowe hilo akaingia Mama Mashine.

Alikuwa amemfuata Msusi kwa miguu, kanga begani, bado na mabaki ya kicheko mdomoni. Alimwona mwanawe, kicheko kikamfia. Hakuuliza. Mpini wa koleo ulikuwa umeegemezwa mlangoni. Akauchukua, akauzungusha kama anayekata mti, na ukatua pale alipopajua, kwenye goti la kulia.

Msusi akaanguka katikati ya ndoo. Maumivu yalikuwa meupe, hayakuwa na sauti. Nafaka ikamwingia kwenye gauni, kinywani, kwenye nywele alizojisuka jana yake kwa ajili ya kuposwa.

"Damu ya mwanangu!" Mama Mashine alinyanyua mpini mara ya pili. "Mwanamke usiye na haya! Damu ya mwanangu!"

Mpini ulishuka ukakutana na mkono wa Fundi. Aliupokea kwa kigasha, akaunyang'anya, akauvunja juu ya paja lake, akavitupa vipande viwili pande mbili.

"Mama! Ukimgusa tena, mashine hii utaiendesha mwenyewe!"

Kofi likalia. Mama Mashine alimpiga mwanawe shavuni, palepale kwenye damu, kisha akabaki anakitazama kiganja chake chekundu kana kwamba amekiazima.

"Amekupasua uso, na bado unamkinga?"

"Amenipasua kwa chuma changu. Nilistahili."

"Hukustahili!"

Wote wakatazama chini. Msusi alikuwa akijiinua kwa kushika mguu wa mizani. Mwanamke mwenye ndoo iliyopasuka akanyoosha mkono amsaidie. Msusi akatikisa kichwa. Alisimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mguu mmoja na nusu, machozi yakimchorea mifereji kwenye unga wa mashavu.

"Hakuna anayestahili chuma usoni," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza. "Mkono wangu umekosa, Fundi, nisamehe. Lakini hasira yangu haijakosa. Hiyo siiombei msamaha."

Kisha akamgeukia mama mtu. "Shikamoo tena, mama. Kuhusu mizani ulisema kweli, nami nakushukuru. Lakini goti hili unalolipiga ni langu. Silipunguzii mzigo ili uje kwetu na posa. Nalipunguzia kwa sababu linaniuma nikisimama. Wewe leo umeliongezea."

Mama Mashine alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azikwe mumewe, watu wa mtaa ule walimwona akiufunga bila kuutumia.

"Fundi, nilianza na ngapi?"

"Mia na mbili."

"Na leo?"

"Tisini na nane."

"Tofauti yake?"

Fundi alinong'ona.

"Sauti! Uongo ulikuwa unaupigia kelele."

"Nne!"

"Nne." Msusi akalirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayeonja dawa. "Tangu mvua zile mpaka kiangazi hiki, nne. Ni chache. Nimeacha vyote nilivyoacha, nimeimbiwa na watoto, na ni nne. Inauma kuliko huu mpini. Lakini zile nne nilizitoa mimi, kwa miguu yangu. Nawe ukazizika chini ya kumi zako za uongo, hata sikuwahi kuzishangilia."

Akazitupa nati miguuni pake. Zikabingirika, zikalala.

"Nne si haba, dada," mwanamke mwenye ndoo iliyopasuka alisema, kwa sauti ndogo. "Mie mwaka mzima nimepunguza maneno tu."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Msusi, kicheko kifupi kilichogeuka kilio kabla hakijaisha. Akatoka. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Usinifuate."

Fundi hakumfuata. Alisimama, damu ikimdondoka, anautazama mlango mpaka mama yake alipomfunga kanga kichwani kwa nguvu, kwa hasira.

Jioni ile Msusi alinunua soda mbili, akaziweka mezani, akazifungua zote. Alilikanda goti kwa maji ya moto huku akizitazama zikitoa mapovu, na matusi yote aliyoyajua akayatoa, mengine ya Fundi, mengine ya mama yake Fundi, mengi ya kwake mwenyewe. Nne! Kama ni nne, ya nini kujitesa? Nani anamwona? Mizani imeshasema uongo na imeshasema kweli, na zote mbili zimemuumiza. Alikunywa moja yote. Ya pili akainywa nusu, akaona utamu wake umekwisha zamani, akaimwaga.

Kesho yake goti lilivimba, akapanda gari. Lakini jioni, wakati wa kurudi, gari lilisimama mbele ya saluni, kondakta akamwita, na yeye akasikia mdomo wake ukisema, "Nenda tu." Akatembea mpaka kwenye nguzo ya pili, akapumzika. Akatembea mpaka kwenye duka la viatu, akapumzika. Watoto walimwona wakaanza, "Tingatinga..." wakaona anavyochechemea, wakaacha wenyewe. Aliichukia kila hatua. Hakukuwa na mtu wa kumbusu mwishoni, wala namba ya kumfurahisha. Alifika kwake, akaketi kizingitini, akashangaa: kumbe alikuwa nao, moyo ule. Siku zote ulikuwa wa kwake, na hakuwahi kukutana nao.

Alimlilia Fundi usiku huo kuliko usiku wa ugomvi.

Jumamosi, jua likiwa utosini, mlango wa bati ulisukumwa, safari hii kwa mkono. Foleni ikageuka. Fundi akaizima mashine kabla hajaambiwa. Alikuwa na plasta juu ya jicho, na jicho lenyewe limevimba likawa la zambarau. Mama Mashine alikuwa kwenye kigoda chake kando ya mizani, amekunja mikono.

Msusi akavua viatu, akapanda jukwaani kwa mguu mzima, akauvuta ule mwingine.

"Kulabu iko tupu?" aliuliza.

"Iangalie mwenyewe."

Akaiangalia. "Nati ziko wapi?"

"Nimezifungia pale, kwenye mguu wa mashine uliokuwa unacheza. Angalau zishike kitu."

"Haya. Pima."

Fundi akatundika mawe. Akakisogeza chuma cha kuteleza, akakirudisha, akakisogeza. Mkono wa mizani ukainuka, ukayumba, ukakaa. Msusi aliona jicho zima la Fundi likimtazama yeye, si ukutani, na ndani yake hofu ya mtu anayeingia kwenye nyumba inayoungua. Wanawake wa foleni wakasogea karibu na ndoo zao. Hata Mama Mashine aliinua kidevu.

"Tisini na nane na nusu," Fundi alisoma.

Mtu akaguna. Ndoo ikawekwa chini polepole.

"Rudia."

"Tisini na nane na nusu." Hakuishusha sauti. "Imepanda. Nusu kilo."

"Imepanda."

"Imepanda, mpenzi."

Msusi akabaki juu ya chuma kile, macho mbele. Ilimchoma, wala hakujidanganya kwamba haikumchoma. Nusu kilo, baada ya siku mbili za kuchechemea! Akaingojea hasira, akaingojea ile sauti ya kusema naacha. Badala yake kikaja kitu kingine, cha joto, kutoka tumboni, kwa sababu mtu huyu amesimama mbele ya mama yake, mbele ya mtaa mzima, na jicho moja, akamwambia jambo asilotaka kulisikia.

"Goti limevimba," Mama Mashine alisema ghafla, akitazama pembeni. "Uvimbe nao una uzito wake." Kisha, kama anayetapika mwiba: "Mpini ule ulikuwa mzito mno."

"Ulikuwa mzito, mama."

"Na tisini nilisema mimi. Nilisema mbele za watu. Siyarudishi maneno yangu."

"Usiyarudishe, mama. Yangojee hapohapo kwenye kigoda. Mimi nina safari yangu."

Mama Mashine akamtazama, na kwenye pembe ya mdomo wake kitu kikachezacheza, lakini hakukubali kiwe tabasamu. Akakivuta kigoda kando ili mwenye goti bovu apate pa kushukia.

Msusi akashuka. Akamkaribia Fundi mpaka akasikia harufu ya unga na ya dawa ya kidonda. Akanyoosha kidole, akaibonyeza ncha ya plasta iliyokuwa inabanduka. Fundi akafumba macho, jicho zima na jicho bovu.

"Inauma?"

"Inauma."

"Vizuri. Usiniambie haiumi."

"Jumamosi ijayo utakuja?"

"Mizani iko hapa, msomaji yuko hapa. Nitakwenda kupimwa wapi?"

Akavaa viatu, akachukua mkoba wake. Nje, barabara iligawanyika mara mbili: ya mkato, inayopita nyuma ya maghala mpaka saluni, na ile ya mzunguko, ndefu, yenye kilima. Akaelekea ya mzunguko. Alikuwa hajafika kwenye kona aliposikia viatu vinakimbia nyuma yake, na harufu ya unga ikatangulia kabla ya mwenyewe.

"Nikusindikize?"

Msusi hakusimama, wala hakugeuka, lakini akasogea upande mmoja wa njia, akamwachia nafasi.

"Njoo," alisema. "Ila ukichoka, usiniambie tumefika."